Wa Tatu, Si wa Pili

Septemba 2024, Chicago White Sox walipopoteza mchezo wao wa 121, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba rekodi ya New York Mets ya mwaka 1962 imevunjwa. Tangu karne ya 20 ianze, hakuna timu ya ligi kuu za besiboli iliyokuwa imepoteza michezo mingi katika msimu mmoja kuliko Mets wale, walioshindwa mara 120 na kushinda mara 40 tu. Mjukuu wangu alinisomea habari hiyo kwenye simu yake tukiwa barazani, akaniuliza, “Babu, si hawa uliowaona wewe?” Ndio hao.

Lakini miezi michache kabla ya hapo ilikuwa imetoka habari nyingine, nayo ilinigusa zaidi. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo, wakuu wa besiboli waliingiza katika vitabu vyao rasmi takwimu za ligi za Wamarekani Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947 bila kuruhusiwa kucheza hata siku moja kwenye ligi za Wazungu, akawa ndiye mpigaji mwenye wastani wa juu kuliko wote waliowahi kushika gongo: 0.372, mbele ya Ty Cobb. Kwangu habari hizi mbili zinakutana kwenye uwanja mmoja, Polo Grounds wa Harlem, kiangazi cha 1962, na kwa mtu mmoja niliyekaa naye jukwaani.

Nilifika Marekani Septemba 1960, mmoja wa vijana wa ndege za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, zilizotupeleka huko kusoma. Ndege ya kwanza ilikuwa imeondoka mwaka mmoja kabla na wanafunzi 81, na barua ya kuomba michango ya nauli yao ilitiwa saini na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Sisi wa mwaka wa pili nauli yetu ilitoka kwenye dola 100,000 za wakfu wa familia ya Kennedy. Kwa hiyo jina la Jackie Robinson nililijua kabla sijaujua mchezo wake. Tulijua ni mwanamichezo Mweusi mkubwa, na kwamba amewachangia vijana wa Kenya ambao hajapata kuwaona. Hilo lilitutosha.

Chuo changu kilikuwa mbali na New York, ila likizo zikifika wengi wetu tulikwenda mjini kutafuta kibarua. Mimi nilipata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la hoteli, na chumba cha kupanga Harlem, mwendo mfupi kutoka mtaa wa 155. Ghorofa ya chini aliishi mzee aliyestaafu kazi ya upota, yaani kuhudumia abiria, kwenye mabehewa ya kulala ya reli. Alikuwa mrefu, mkimya asubuhi, msemaji jioni. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita Kenya, na majina hayo yakatutosha miaka yote. Wiki yangu ya kwanza pale alinigongea mlango, akaniambia nivae viatu, tunakwenda kutazama mpira.

Ni lazima nieleze hali ya uwanja huo kwanza. Polo Grounds ulikuwa chini ya jabali linaloitwa Coogan’s Bluff, umbo lake refu na jembamba, na katikati kule mbele ukuta ulikuwa mbali ajabu: futi zaidi ya 480 kutoka alipo mpigaji. Ulikuwa nyumbani kwa Giants, hadi walipohamia San Francisco baada ya msimu wa 1957. Mwaka huohuo Brooklyn Dodgers nao walikwenda Los Angeles. New York ikabaki miaka minne bila timu ya National League, na watu wakaomboleza kweli. Mets ndio waliokuja kuziba pengo hilo mwaka 1962. Timu nyingine za ligi ziliwauzia wachezaji ambao hazikuwahitaji sana, na meneja wao alikuwa Casey Stengel, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara saba na Yankees. Walipoteza michezo yao tisa ya mwanzo. Watu waliendelea kuja. Hadi msimu unakwisha, zaidi ya watazamaji 900,000 walikuwa wamelipa kiingilio kuwatazama wakishindwa.

Siku ya kwanza kwangu ilikuwa Mei 30, sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Dodgers walirudi New York kwa mara ya kwanza tangu wahame, michezo miwili kwa siku moja, watu zaidi ya 55,000. Mets walifungwa mchezo wa kwanza 13 kwa 6, wa pili 6 kwa 5. Sikuelewa mengi. Niliona mrushaji akiutupa mpira, mpigaji akijaribu kuugonga, kisha watu wakikimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine mpaka warudi nyumbani, kama wasichana wa shule wanavyocheza raunda kwetu. Nilichokielewa vizuri ni watu. Wanaume wazima walikuwa wakiwashangilia Dodgers, timu ya wageni, huku machozi yakiwatoka, kisha dakika hiyohiyo wanawashangilia Mets. Sijawahi kuona tena umati wenye mapenzi mawili kwa wakati mmoja namna ile.

Jumapili ya Juni 17 ndiyo siku ninayotaka kuieleza. Walikuja Chicago Cubs, tena kwa michezo miwili. Mzee alichagua viti vya mbao vya kule mbali, nyuma ya mpaka wa katikati, upande wa kulia, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo na kwa sababu, alisema, ndipo alipozoea. Awamu ya kwanza ya mchezo wa kwanza haikuwa imekwisha, Cubs wana mtu kituoni, akaingia kijana mwembamba anayeitwa Lou Brock, ambaye kesho yake angetimiza miaka 23. Mrushaji wa Mets alikuwa Al Jackson. Brock akaupiga. Nilisikia mlio wa gongo baada ya kuuona mpira umeshapaa, kwa umbali tuliokuwa. Walinzi wa Mets walikimbia wakitazama juu, wakapunguza mwendo, wakasimama. Mpira uliendelea kuja. Ulikuja kwetu, ukapita ukuta, ukaangukia vitini safu kadhaa kutoka tulipokaa, watu wakaukwepa kisha wakaurukia.

Kukawa na kimya kifupi, kisha kelele. Nyuma yetu alikaa Mzungu mmoja mwenye redio ndogo sikioni. Akatangaza kwa sauti kwa faida yetu sote kwamba huyu ni mtu wa pili tu katika historia kuufikisha mpira mahali hapa. Wa kwanza alikuwa Joe Adcock, mwaka 1953.

Mzee aligeuka polepole. “Wa tatu,” akasema.

“Wa pili, redio inasema.”

“Wa tatu. Luke Easter, mwaka 1948, timu ya Homestead Grays, akicheza na New York Cubans. Nilikuwa nimekaa hapahapa.”

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo, akasema kwa upole kabisa kwamba anadhani ule haukuwa mchezo wa ligi.

“Ulikuwa mchezo wa ligi,” Mzee akajibu. “Kiingilio nililipa.”

Mchezo ukaendelea, na ulikuwa mmoja wa michezo iliyozungumzwa sana katika msimu ule wote. Katika awamu hiyohiyo Marv Throneberry wa Mets alikuwa amemzuia mkimbiaji njiani bila kuwa na mpira, kosa lililowasaidia Cubs kupata alama nne. Zamu ya Mets ilipofika, Throneberry akaupiga mpira mbali, akakimbia hadi kituo cha tatu, umati ukasimama. Cubs wakalalamika kwa mwamuzi kwamba hakukanyaga kituo cha kwanza, na mwamuzi akakubali. Akatolewa. Mets walipoteza 8 kwa 7, na wa pili wakapoteza 4 kwa 3. Kesho yake Hank Aaron alikuja na timu yake ya Milwaukee, na yeye pia akaupiga mpira hadi kwenye viti vile vya kati. Kwa miongo na miongo watu wamezungumza juu ya maajabu ya siku hizo mbili mfululizo. Mzee alikuwa akiongea kitu kingine. Njia nzima ya kurudi nyumbani alirudia, “Wa tatu, Kenya. Wa tatu.”

Usiku ule alinionyesha daftari. Yalikuwa kadhaa, yenye majalada meusi ya kitambaa, ila alilifungua moja. Kila mstari ulikuwa na tarehe, mji, timu mbili, matokeo, majina ya warushaji, na wakati mwingine neno moja au mawili ya ziada. Mwandiko wake ulibadilika ukurasa hadi ukurasa: mahali pengine herufi zilisimama wima, mahali pengine zilitetemeka na kupanda juu ya mstari. Nikamuuliza kama aliugua. Akasema hapana, zile zilizotetemeka aliziandika garimoshi likiwa linakwenda, usiku, abiria wakishalala. Alipofika 1948 akaweka kidole. Jina la Easter lilipigiwa mistari miwili chini yake, na herufi zilikuwa zimesimama wima.

Kazi ya reli ndiyo iliyompa ligi. Treni ikilala Chicago, anakwenda kuwatazama American Giants. Ikilala Pittsburgh, Grays au Crawfords. Ikilala Kansas City, Monarchs. Kutoka Chicago mapota walibeba gazeti la Weusi, Chicago Defender, wakalifikisha hadi miji ya Kusini ambako kulisambaza kulikuwa hatari. Kwa hiyo habari za timu zilisafiri mikononi mwao. Alinieleza yote kwa mpangilio, kiangazi kizima, baada ya mimi kutoka jikoni nikinuka sabuni. Kwamba mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mdakaji Mweusi, alichezea Toledo katika ligi kuu ya American Association, kisha mlango ukafungwa bila sheria yoyote kuandikwa, kwa makubaliano tu ya wenye timu. Kwamba Februari 1920 Rube Foster, mrushaji mkubwa aliyekuwa sasa mmiliki, aliwaita wenzake katika jengo la YMCA la Paseo, Kansas City, wakaunda Negro National League, na timu yake ya Chicago ikatwaa ubingwa mara tatu za mwanzo. Kwamba Foster aliugua akili, akafia hospitalini Desemba 1930, na ligi yake ikafa mwaka uliofuata. Kwamba nyingine ikaundwa 1933.

Julai 1930, timu mbili za Weusi zilicheza kwa mara ya kwanza ndani ya Yankee Stadium, Lincoln Giants wa New York na Baltimore Black Sox, na mapato yalikwenda kwa chama cha mapota wa mabehewa ya kulala, kile kilichoongozwa na A. Philip Randolph. Mzee aliitaja siku hiyo kama wengine wanavyoitaja siku ya harusi. Chama chake, mpira wake, uwanja ule. Alikuwa kijana bado, ndiyo kwanza amelipa kadi ya uanachama.

Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza: kama ilikuwa ligi, jedwali liko wapi? Hapo ndipo alipokasirika, si kwangu. Alisema timu zilisafiri kwa basi usiku kucha kwa sababu hoteli nyingi hazikuwapokea. Zilicheza mchezo wa ligi Jumapili kwenye uwanja mkubwa, kisha Jumatatu hadi Jumamosi zikacheza na timu yoyote ya mji wowote ili kupata mshahara. Magazeti ya Wazungu hayakutuma mwandishi. Magazeti ya Weusi yalitoka mara moja kwa wiki, na yalichapa matokeo kama kuna mtu aliyeyapeleka. Baadhi ya michezo ilichapwa mstari mmoja, mingine haikuchapwa. Uwanja ulijaa, mishahara ililipwa, bingwa alipatikana, na kumbukumbu ikabaki vipandevipande vya magazeti, na madaftari ya watu kama yeye.

Na hapohapo, Polo Grounds, kulikuwa na mabingwa. New York Cubans, timu ya mmiliki Alex Pompez, waliutumia uwanja ule kama nyumbani kwao Giants wakiwa safarini. Mwaka 1947 walikuwa na Minnie Miñoso kutoka Cuba, Pat Scantlebury kutoka Panama, na mrushaji wa mkono wa kushoto, Luis Tiant, aliyekuwa amekwishazeeka kimchezo lakini hakuna aliyemweza. Mwanawe wa jina hilohilo baadaye alikuja kuwa nyota wa ligi kuu. Walitwaa ubingwa wa ligi yao, wakawashinda Cleveland Buckeyes, wakawa mabingwa wa dunia wa besiboli ya Weusi. Mwaka uleule, upande wa pili wa jiji, Jackie Robinson alikuwa ameufungua ule mlango uliofungwa, kwa kuanza kuichezea Brooklyn Dodgers, Aprili 15. Mzee alikwenda kumtazama Robinson. Kila mtu alikwenda. Viti vya Cubans vikaanza kuwa vitupu, na baada ya msimu wa 1948 Negro National League ikavunjika. Alinieleza hayo bila kumlaumu mtu. Alimpenda Robinson kama mwanawe, na Julai ile ya 1962, Robinson alipoingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, Mzee alivaa suti nyumbani, akakaa mbele ya redio.

Nimeyafikiri mambo haya kwa miaka 60 na zaidi, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona wazi ukubwa wa dhuluma ile. Mets walifungwa mara 120, na kila kosa lao lipo. Kila mpira ulioponyoka mkononi umehesabiwa, kila mtupo mbovu, hata kile kituo ambacho Throneberry hakukikanyaga kinajulikana ni kipi. Mrushaji wao Roger Craig alipoteza michezo 24, na hakuna anayeweza kumwondolea hata mmoja. Kwenye nyasi zilezile, miaka 15 tu kabla, mabingwa walikuwa wamecheza, na vitabu vilivyoitwa vya taifa havikuwa na ukurasa wao. Na watu wenyewe walikuwepo wazi mbele ya macho yetu! Ernie Banks aliyesimama kituo cha kwanza cha Cubs alitoka Kansas City Monarchs. Hank Aaron alitoka Indianapolis Clowns. Willie Mays, aliyerudi na Giants mwanzoni mwa Juni, alitoka Birmingham Black Barons. Brock mwenyewe alitafutwa na kusajiliwa na Buck O’Neil, meneja wa zamani wa Monarchs, ambaye Cubs walimfanya kocha mwishoni mwa Mei ile, Mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika ligi kuu. Redio ilisema historia ina watu wawili. Nusu ya historia ilikuwa uwanjani imevaa sare.

Mets walicheza Polo Grounds hadi mwisho wa 1963, kisha wakahamia Shea Stadium. Aprili 1964 uwanja ukabomolewa, na mahali pake pakajengwa maghorofa ya makazi. Mwaka huohuo nilirudi nyumbani. Mzee aliniandikia barua kwa miaka kadhaa, kila moja na matokeo, hadi barua zikaja kwa mwandiko wa binti yake, kisha zikakoma. Mwaka 1969 Mets walipotwaa ubingwa wa dunia, hapakuwa na mtu wa kumpelekea salamu.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 1971 Satchel Paige aliingizwa Cooperstown kwa kazi yake katika ligi za Weusi. Mwaka 2006 wakaingizwa watu 17 kwa mkupuo, Pompez wa Cubans akiwa mmoja wao. Buck O’Neil aliachwa, akafariki mwaka huo, akaja kuingizwa 2022. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba ligi saba za Weusi, za 1920 hadi 1948, zilikuwa ligi kuu sawa na nyingine. Wachezaji wapatao 3,400. Kilichowezesha hesabu za 2024 ni watafiti waliokaa miaka mingi na magazeti ya zamani, mchezo baada ya mchezo, wakiuliza kila mara swali lile la yule bwana wa redio: je, huu ulikuwa mchezo wa ligi? Kazi hiyo haijakwisha.

Nilimwomba mjukuu wangu awatafute Cubans wa 1947. Wapo. Tiant yupo, Scantlebury yupo, na michezo ya Miñoso ya miaka ile sasa inajumlishwa na ile aliyocheza baadaye. Kisha nikamwomba awatafute Feisal, timu yetu ya kandanda. Nilikuwa hapa Mombasa mwaka 1965 walipotwaa ubingwa wa Kenya, ligi ya taifa ikiwa na miaka mitatu tu: Nakuru All-Stars walikuwa wameichukua 1963, Luo Union 1964. Mjukuu alipata jina la bingwa na mwaka. Wafungaji hakuwapata, wala matokeo ya mchezo mmojammoja. Wachache waliocheza au kutazama msimu ule bado wako hai, baadhi ni majirani zetu, na kumbukumbu zao ni nzima. Tumeanza kuwatembelea, yeye na simu yake ya kurekodi, mimi na daftari. Tunauliza nani alifunga, dhidi ya nani, uwanja upi, mwezi gani, na nani mwingine alikuwepo ambaye tunaweza kumwendea.